Logi na telemetria katika funksheni za wingu

Logi na telemetria katika funksheni za wingu ni taarifa na vipimo vinavyotolewa na programu ndogo zinazoendeshwa kwenye kompyuta za kampuni ya wingu, bila mwenye programu kusimamia seva yoyote. Logi ni mistari ya maandishi inayoeleza kilichotokea na wakati kilipotokea. Telemetria ni neno pana zaidi: linajumlisha logi, vipimo vya namba (kama vile idadi ya makosa kwa dakika) na nyayo, yaani njia ambayo ombi moja lilipitia kutoka huduma moja hadi nyingine.

Kwenye seva ya kawaida taarifa hizi ni msaada mkubwa. Kwenye funksheni za wingu mara nyingi ndizo ushahidi pekee uliopo. Seva ya kawaida ikipata hitilafu, fundi anaweza kuingia ndani yake, kusoma mafaili, kukagua diski na kuona programu zipi zinaendelea. Funksheni ya wingu haina mlango wa kuingilia. Mashine iliyoiendesha inaweza kuwa imeshafutwa kabla mteja hajapiga simu kulalamika, na jambo ambalo halikutumwa nje wakati funksheni inafanya kazi halipatikani tena.

Asili

Neno logi limetoka kwenye Kiingereza, ambako maana yake ya kwanza ni gogo. Mabaharia wa Ulaya walitupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kamba ili kupima mwendo wa meli, na daftari walimoandika vipimo hivyo likarithi jina la ubao. Kiswahili kina neno lake la zamani kwa daftari hilo la chomboni, nalo ni batli, ingawa wanaofanya kazi za kompyuta husema zaidi logi au kumbukumbu. Telemetria imeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, yenye maana ya "mbali" na "kipimo".

Katika kompyuta, mfumo ulioacha alama kubwa ni syslog, uliotengenezwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ajili ya programu ya barua pepe ya Sendmail. Syslog iliupa kila ujumbe ngazi ya uzito, kuanzia 0 (dharura) hadi 7 (maelezo ya kutafutia kosa). Ngazi za siku hizi, kama vile DEBUG, INFO, WARN na ERROR, ni wazo lile lile kwa majina mengine.

Kampuni ya Amazon ilitangaza huduma ya AWS Lambda mnamo Novemba 2014. Microsoft ilifuata mwaka 2016 na Azure Functions, na Google mwaka huo huo na Cloud Functions, ambayo tangu 2024 inaitwa Cloud Run functions. Huduma hizi huitwa "bila seva". Jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa seva zipo. Anayezisimamia ni kampuni ya wingu, na mwenye programu hulipia maombi na muda wa kazi tu.

Jinsi funksheni inavyoishi na kufa

Mtu hawezi kupanga logi za funksheni vizuri bila kuelewa maisha yake. Mfano hapa ni AWS Lambda.

Ombi la kwanza linapofika, Lambda huandaa mazingira ya utekelezaji: mashine pepe ndogo yenye RAM, msimbo wa funksheni na nafasi ya muda kwenye saraka ya /tmp. Maandalizi hayo huitwa mwanzo baridi. Kwa kawaida mazingira moja hushughulikia ombi moja kwa wakati, hivyo maombi 50 yakija kwa pamoja huandaliwa mazingira 50. Jibu likishatolewa, mazingira hayafutwi papo hapo, wala hayaendelei kufanya kazi: hugandishwa. Ombi jingine likija huamshwa na kuendelea. Lisipokuja kwa muda, hufutwa pamoja na chochote kilichoandikwa kwenye /tmp.

Kwa sababu hiyo, kuandika logi kwenye faili, kama ilivyozoeleka kwenye seva, ni sawa na kuandika mchangani. Lakini kuna tatizo la pili ambalo halionekani kwa urahisi. Maktaba nyingi za telemetria hazitumi kila ujumbe peke yake. Hukusanya ujumbe kadhaa na kuutuma kwa mafungu kila baada ya sekunde chache, huku programu ikiendelea na kazi zake. Kwenye seva mbinu hiyo ni nzuri kwa sababu inapunguza safari za mtandao. Kwenye Lambda, mazingira hugandishwa mara tu jibu linapotoka, na fungu ambalo halijatumwa hugandishwa nalo. Linaweza kutumwa dakika kadhaa baadaye ombi jingine likija, au lisitumwe kabisa. Msanidi huona nyayo zenye mapengo na kudhani kuna hitilafu kwenye mtandao.

Dawa yake ni kuilazimisha maktaba itume kila ilichonacho kabla funksheni haijarudisha jibu. Njia hii ni ya uhakika lakini humfanya mteja asubiri kidogo zaidi. Njia nyingine ni kutumia kiendelezi, yaani programu ndogo inayoendeshwa pembeni ya funksheni katika mazingira yale yale na ambayo Lambda huisubiri imalize kabla ya kugandisha. Viendelezi vilianza kutumika rasmi mwaka 2021, na mwaka 2022 Amazon iliongeza Telemetry API, inayokipa kiendelezi logi, vipimo na taarifa za hatua za funksheni moja kwa moja kutoka kwenye jukwaa.

Kuna pia vifo ambavyo funksheni haiwezi kuvieleza yenyewe. Muda wake wa kazi ukiisha (Lambda huanza na kikomo cha sekunde 3 msanidi asipokibadilisha, na upeo ni dakika 15), jukwaa huikata katikati ya sentensi. RAM ikijaa, huuawa vilevile. Hakuna mstari wa msimbo unaopata nafasi ya kuandika "nimekufa". Ujumbe wa kwamba muda umeisha huandikwa na jukwaa, na ndiyo maana kupuuza mistari ya jukwaa na kusoma ile ya programu tu ni kosa la gharama.

Kuweka logi kwenye AWS Lambda

Kila kitu ambacho funksheni inakichapa, hata kwa amri ya kawaida kama print katika Python, hupelekwa kwenye huduma ya CloudWatch Logs. Huko huwekwa katika kundi la logi lenye jina la funksheni, likianza na /aws/lambda/. Ndani ya kundi kuna mikondo, na kila mazingira ya utekelezaji hupata mkondo wake. Mtu anayetafuta ombi moja kwa kufungua mkondo mmoja baada ya mwingine atachoka bure. Ni afadhali kutafuta kwenye kundi zima kwa kutumia namba ya ombi.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni ruhusa. Jukumu la funksheni lazima liruhusu vitendo vitatu: logs:CreateLogGroup, logs:CreateLogStream na logs:PutLogEvents. Amazon imeviweka pamoja katika sera iitwayo AWSLambdaBasicExecutionRole. Ruhusa hizo zikikosekana funksheni haikatai kufanya kazi. Inaendelea kama kawaida, kimyakimya, na upungufu hugunduliwa siku ile logi zinapohitajika.

Kwa kila ombi, Lambda yenyewe huandika mistari mitatu inayoanza na START, END na REPORT. Mstari wa mwisho hufanana na huu:

REPORT RequestId: 8f2b6c1e-4d07-4a35-9be1-6c0d52a7f913 Duration: 812.44 ms Billed Duration: 813 ms Memory Size: 128 MB Max Memory Used: 126 MB

Hapa funksheni imetumia megabaiti 126 kati ya 128 ilizopewa. Imefanikiwa, na hakuna kosa lililoripotiwa, lakini ombi lenye data kubwa kidogo litaiua. Ombi lililopitia mwanzo baridi huongezewa kipimo cha Init Duration, kinachoonyesha muda uliotumika kuandaa mazingira.

Watumiaji wa Python hukutana na mitego miwili. Maktaba sanifu ya logging huanza na ngazi ya WARNING, hivyo ujumbe wa INFO hauonekani mpaka ngazi ishushwe. Wengi hujaribu kuishusha kwa logging.basicConfig, amri inayofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mezani. Ndani ya Lambda amri hiyo haifanyi lolote, kwa kuwa jukwaa limeshaweka kipokezi chake kabla msimbo haujaanza. Kinachofaa ni kuweka ngazi moja kwa moja:

import logging
logger = logging.getLogger()
logger.setLevel(logging.INFO)

Tangu Novemba 2023 inawezekana pia kuchagua ngazi na muundo wa logi katika mipangilio ya Lambda yenyewe, bila kugusa msimbo. Muundo unaopendekezwa ni JSON. Mstari wa maandishi huru kama "malipo ya oda A-1047 hayakukamilika" unasomeka vizuri na binadamu, ila kompyuta haiwezi kuujumlisha. Mstari wenye sehemu zilizotajwa unaweza:

{"timestamp": "2024-05-14T09:21:07Z", "level": "ERROR", "message": "malipo hayakukamilika", "oda": "A-1047", "mtoa_huduma": "benki", "muda_ms": 2810}

Kwa mistari ya namna hii, swali kama "ni malipo mangapi ya benki yaliyozidi sekunde 2 jana jioni?" hujibiwa kwa utafutaji mmoja. Sharti ni kwamba majina ya sehemu yawe yale yale katika funksheni zote. Moja ikiandika oda na nyingine namba_ya_oda, faida kubwa ya JSON imepotea.

Azure na Google

Azure Functions hupeleka telemetria yake kwenye huduma ya Application Insights. Funksheni huunganishwa nayo kwa mpangilio uitwao APPLICATIONINSIGHTS_CONNECTION_STRING, na ngazi za logi huwekwa katika faili la host.json. Katika .NET kuna mkanganyiko unaowasumbua wengi: programu mpya huendeshwa katika mchakato tofauti na ule wa jukwaa, na host.json hutawala logi za jukwaa tu. Logi za programu zinazotumwa moja kwa moja kwenye Application Insights zina kichujio chao, ambacho kwa kawaida huzuia kila kilicho chini ya Warning. Msanidi hubadilisha host.json mara kumi bila kuona tofauti, kumbe anachopaswa kuondoa ni kichujio kilicho ndani ya msimbo wake.

Azure pia huchukua sampuli yenyewe. Kiwango cha kuanzia ni takriban vipengele 20 vya telemetria kwa sekunde kwa kila seva; vikizidi hapo, vingine hutupwa. Inawezekana kuondoa aina fulani kwenye upunguzaji huo, na ni busara kuondoa makosa, kwa sababu kosa moja lililotupwa linaweza kuwa ndilo lililokuwa likitafutwa.

Kwa upande wa Google, mstari wa JSON uliochapwa na funksheni hutambuliwa wenyewe na Cloud Logging, na sehemu iitwayo severity ndiyo inayoamua ngazi yake. Logi za kawaida huhifadhiwa kwa siku 30.

Nyayo za ombi

Mfumo wa funksheni ni nadra kuwa na funksheni moja. Katika duka la mtandaoni, ya kwanza inaweza kupokea oda na kuiweka kwenye foleni, ya pili ikaitoa kwenye foleni na kuomba malipo, ya tatu ikatuma ujumbe wa simu. Mteja anasema amekatwa pesa lakini hajapata ujumbe. Kila funksheni ina logi zake na namba yake ya ombi, na hakuna kinachoonyesha kwamba mistari hiyo mitatu inahusu mtu mmoja.

Suluhisho ni kulipa ombi namba moja tangu linapoingia na kuipitisha namba hiyo katika kila hatua. Wazo hili lilipata umaarufu kupitia makala ya Google ya mwaka 2010 kuhusu mfumo wake wa ndani uitwao Dapper. Shirika la W3C liliidhinisha kiwango cha Trace Context mwaka 2020. Ndani yake namba husafiri katika kichwa cha ombi kiitwacho traceparent, chenye sehemu nne: toleo, namba ya safari nzima, namba ya hatua iliyotangulia, na alama inayosema kama safari hiyo inarekodiwa. Amazon ilikuwa na kichwa chake cha X-Amzn-Trace-Id kwa ajili ya huduma ya X-Ray.

Nyayo hukatika zaidi kwenye foleni. Ombi la HTTP lina vichwa, hivyo namba hupita bila shida. Ujumbe wa foleni hauna vichwa vya namna hiyo. Namba hubebwa katika sifa za ujumbe, na mara nyingine ni lazima msanidi aiweke mwenyewe upande mmoja na kuisoma upande wa pili. Pia, Lambda ikiitwa bila kusubiriwa jibu, kosa likitokea hujaribu tena mara mbili kwa kutumia namba ile ile ya ombi. Asiyejua hilo huona makosa matatu na kudhani wateja watatu wameathirika. Kibaya zaidi, funksheni ya malipo isiyoandaliwa kwa marudio hayo inaweza kumkata mteja mmoja mara tatu.

Mradi wa OpenTelemetry, ulioanza mwaka 2019 kwa kuunganishwa kwa miradi ya OpenTracing na OpenCensus, unatoa maktaba za kukusanya telemetria zisizofungwa kwa kampuni moja. Faida yake ni kwamba msimbo haubadiliki mtu akihamia kwa mtoa huduma mwingine. Gharama yake kwenye funksheni ni uzito: maktaba hizo hupakiwa wakati wa mwanzo baridi na kuurefusha, jambo linaloonekana wazi kwenye funksheni zenye RAM kidogo.

Vipimo na tahadhari

Lambda hutoa vipimo bila kuombwa: idadi ya miito, makosa, muda wa kazi, maombi yaliyokataliwa kwa wingi wake na kadhalika. Kipimo cha makosa kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Huhesabu funksheni iliyoanguka au kukatwa, lakini si funksheni iliyolidaka kosa yenyewe na kurudisha jibu la heshima lenye namba 500. Kwa jukwaa, hiyo imefanikiwa. Mfumo unaweza kuonyesha makosa sifuri huku kila mteja akirudishwa mikono mitupu, na ndiyo sababu vipimo vya biashara, kama vile idadi ya malipo yaliyokamilika, hutengenezwa na msanidi mwenyewe.

Wastani wa muda nao hudanganya. Maombi 98 yakichukua milisekunde 100 na mawili yakichukua sekunde 10, wastani ni milisekunde 298, muda ambao hakuna mteja hata mmoja aliyeuona. Hivyo hutumika asilimia ya 95 au ya 99, inayoonyesha hali ya walio nyuma kabisa.

Gharama

Huduma nyingi za wingu hutoza kwa kila gigabaiti ya logi inayoingia. Katika CloudWatch, kwenye eneo la Virginia Kaskazini nchini Marekani, bei inaanzia dola 0.50. Funksheni inayoitwa mara 100 kwa sekunde na kuandika kilobaiti 2 kila mara hutoa zaidi ya gigabaiti 17 kwa siku, na zaidi ya 500 kwa mwezi; logi hizo hugharimu karibu dola 250. Funksheni yenyewe, ikiwa na megabaiti 128 na kumaliza kila ombi kwa milisekunde 50, hugharimu karibu dola 80. Kuandika habari za kazi kumeizidi kazi yenyewe mara tatu.

Isitoshe, kundi la logi linaloundwa na Lambda huhifadhi mistari milele mpaka mtu aweke kikomo cha siku. Kikomo hicho hubadilishwa kwa amri moja, na bado ni miongoni mwa mipangilio inayosahauliwa zaidi. Hatari nyingine ni mzunguko: funksheni iliyowekwa kuchakata logi za kundi fulani ikiandika logi zake katika kundi hilo hilo, kila mstari huzaa mwingine, na ankara hukua usiku kucha.

Njia ya kawaida ya kupunguza gharama ni kuzima DEBUG katika mfumo unaotumiwa na wateja na kurekodi sehemu tu ya nyayo. X-Ray, kwa mfano, huanza kwa kurekodi ombi la kwanza la kila sekunde na asilimia 5 ya yanayofuata. Upungufu wake ni kwamba uamuzi hufanywa ombi linapoingia, kabla haijajulikana kama litaharibika.

Siri na usalama

Njia rahisi ya kutafuta kosa ni kuandika ombi zima kwenye logi, na hapo ndipo nywila, namba za kadi na namba za simu huingia mahali zisipostahili. Mei 2018 kampuni ya Twitter iliwataka watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha nywila baada ya kugundua kwamba nywila ziliandikwa wazi katika logi ya ndani. Mwaka 2019 Facebook ilikiri jambo linalofanana na hilo kuhusu nywila zilizohifadhiwa wazi kwenye mifumo yake, na mwaka 2024 mamlaka ya kulinda data ya Ireland iliitoza kampuni ya Meta faini ya euro milioni 91. Kwenye funksheni za wingu hatari ni kubwa zaidi kwa sababu mazoea ya kuchapa tukio lote lililoingia yameenea hata katika mifano ya kufundishia.

Logi yenyewe inaweza kuwa njia ya shambulio. Mnamo Desemba 2021 udhaifu wa Log4Shell katika maktaba ya Log4j ya lugha ya Java ulionyesha kwamba maandishi ya mtumiaji, yakiandikwa tu kwenye logi, yangeweza kuifanya seva iendeshe msimbo wa mshambuliaji. Ulaghai mdogo zaidi ni kuingiza alama ya mstari mpya katika jina au anwani ili kutengeneza mstari bandia wa logi. Muundo wa JSON huzuia hilo kwa kuigeuza alama hiyo kuwa herufi za kawaida.

Kisheria, logi yenye jina au namba ya simu ya mtu ni data binafsi kama data nyingine yoyote. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022, na zote zinaweka masharti ya kupeleka data binafsi nje ya nchi. Suala hilo linagusa logi moja kwa moja, kwa kuwa huhifadhiwa katika eneo la wingu ambako funksheni imewekwa. Eneo la kwanza la AWS barani Afrika lilifunguliwa Cape Town mwaka 2020, na funksheni ya duka la Mwanza au Mombasa inayoendeshwa huko, au Ireland, huacha logi zake huko huko.